Kabla hujamlipa fundi wa kuzuia unyevu uvunguni: namna ya kupima kotesheni

Ukipanda Bugarika, Mabatini, Igogo au Isamilo utaona nyumba zetu za Mwanza zilivyokaa. Nyuma zimeegemea mwamba, mbele zimeinuliwa kwa ukuta wa mawe, pengine hadi kimo cha mtu, na sakafu inaanzia juu ya hapo. Kati ya sakafu na mlima panabaki nafasi. Wapo wanaoijaza kifusi, wapo wanaoiacha wazi wakatia humo kuni, mkaa, mabaki ya tofali na baiskeli isiyo na mwenyewe. Huo ndio uvungu wa nyumba. Masika yakianza, uvungu hunywa maji kimyakimya, na maji hayo hayabaki chini.

Sisi tuliligundua tatizo kwa gunia la mkaa. Lilikaa uvunguni wiki mbili za mwezi Aprili. Tulipolivuta, kitako chake kilibaki chini kimeoza, na mkaa ukatoka mzito, ukiwashwa unatoa moshi kuliko moto. Juu, chumba cha watoto, viatu vya Jumapili vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na rangi ya ukuta ilikuwa imevimba kama chapati hadi usawa wa goti. Tukaita mafundi watatu. Wa kwanza akaandika shilingi 850,000, wa pili 2,400,000, wa tatu, ambao walikuwa kampuni, 3,100,000. Tukachukua ya chini. Vuli iliyofuata maji yakarudi palepale, lipu mpya ikadondoka, na tukamwita yule wa 2,400,000. Naye akatuongezea 150,000 ya kubandua kazi ya mwenzake. Jumla tumetoa 3,400,000, zaidi ya kotesheni iliyokuwa ghali kuliko zote.

Naandika haya ili wewe ulipe mara moja. Jambo la kushika ni hili: kotesheni ya unyevu usianze kuisoma kwenye bei. Anza kutafutia humo jibu la swali moja, maji yanatoka wapi? Isiposema, hakuna cha kulinganisha.

Hatua ya kwanza: yajue maji yako kabla hujamwita mtu

Maji ya uvunguni yana njia kadhaa za kuingilia, na kila njia ina dawa yake. Fundi akitibu njia ambayo siyo, anaweza kufanya kazi safi kabisa na bado ukalowa.

Njia ya kawaida kuliko zote ni paa. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati lako likiwa na mita za mraba 100, na mvua ya alasiri moja ikafika milimita 40, hizo ni lita 4,000. Fikiria matangi manne ya lita 1,000 yamepinduliwa kwenye kuta za nyumba yako. Kama huna gata, au gata lipo lakini bomba lake linamwaga kwenye kona ya msingi, anza hapo. Gata ni kazi ya siku moja au mbili, na kuna nyumba ambazo haikuhitajika kingine.

Njia ya pili ndiyo yetu sisi wa milimani. Mawe ya Mwanza ni graniti, hayanyonyi maji, na udongo uliolala juu yake ni mwembamba. Mvua ikinyesha kule kileleni, maji huzama udongoni hadi yakutane na mwamba, kisha hutambaa juu ya mwamba kuelekea bondeni mpaka yagonge msingi wako. Ndiyo maana mvua inaweza kukatika Jumatatu na uvungu ukaendelea kuchuruzika hadi Alhamisi. Maji ya paa huja na mvua na kuondoka nayo. Maji ya mlima huchelewa kuja na huchelewa kwenda, na siku zote hutokea upande wa nyuma.

Ya tatu ni maji yanayopanda ndani ya tofali lenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hutokea kwa nyumba zilizojengwa bila DPC, ile tabaka ya kuzuia maji inayowekwa kati ya msingi na ukuta, au ambazo DPC yake ilitobolewa au ilifunikwa na udongo uliorundikwa nje baadaye. Alama yake ni mstari wa chumvi nyeupe ukutani, na kwa kawaida haupandi zaidi ya mita moja hivi kutoka ardhini. Ukiona doa liko juu ya dirisha, usikubali kuambiwa linatoka kwenye msingi.

Bomba lililopasuka chini ya sakafu hupimwa bure. Usiku funga koki zote, piga picha mita ya maji, asubuhi kabla mtu hajachota piga picha tena. Namba zikiwa zimesogea, unavujisha maji unayolipia, na fundi unayemhitaji ni wa bomba. Halafu kuna karo la choo, lako au la jirani aliye juu yako. Hilo pua itakwambia. Likizungumzwa na jirani, lizungumzwe kwa adabu, na ikibidi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kabla fundi hajaanza kuchimba upande wa kiwanja chake.

Mwisho, unyevu mwingine ni wa hewa tu. Chukua kipande cha nailoni inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni au ukutani kwa selotepu pande zote nne, usiache hata tundu la sisimizi. Kiache saa 24 hadi 48. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, ule ulioelekea sakafu, unyevu unatoka chini. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba, na pesa zako zitafaa zaidi kwenye dirisha kuliko kwenye msingi.

Haya yote yaandike. Chora mstari wa penseli ukutani pale doa lilipofika, andika tarehe pembeni yake, na mvua kubwa ikipita chora mwingine. Fundi akija na kuikuta ile mistari mitatu na tarehe zake, hatazungumza na wewe kama mtu asiyejua.

Hatua ya pili: mwite wakati wa mvua, kazi ifanyike kiangazi

Wengi hufanya kinyume. Mvua ikinyesha wanahangaika na ndoo na matambara, kiangazi kikifika ndipo wanakumbuka kumwita fundi, naye anakuta uvungu mkavu na ukuta mweupe. Anakisia. Muite mwezi Aprili, au Novemba vuli ikiwa imekolea, aone kwa macho yake pale maji yanapotokea. Kazi yenyewe ipangwe Juni hadi Septemba. Usitegemee sana Januari na Februari, huku Kanda ya Ziwa mvua haikatiki kabisa miezi hiyo, na mtaro uliochimbwa nusu ukakutwa na mvua ni balaa kuliko kukosa mtaro.

Hatua ya tatu: mtazame anavyokagua

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Methali hii huwa tunaitumia kwa mambo mengine, lakini kwa kazi hii ichukue kama ilivyo. Fundi wetu wa kwanza hakuinama. Alisimama mlangoni, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, akasema, "Bosi, hii ni kupaka dawa tu," akaandika kotesheni nyuma ya risiti ya duka. Dakika saba.

Wa pili alikuwa mzee wa makamo. Aliomba tochi, akavua shati, akaingia uvunguni kwa magoti na kukaa humo muda hadi nikaanza kuita. Akatoka na konzi ya udongo, akaufinya mbele yangu, ukaacha maji kwenye vidole vyake. Kisha akapanda nyuma ya nyumba, akasimama kwenye jiwe, akatazama juu kwa jirani, akaniuliza, "Mama, yale maji ya kuogea ya pale juu yanakwenda wapi?" Miaka sita nakaa pale na sikuwa na jibu. Yalikuwa yanakuja kwangu.

Mtu anayeuliza swali kama hilo kabla hajataja bei, hata kama bei yake itakustua, usimwache aende bila kuchukua namba yake. Angalia pia kama anapima. Fundi anayekuja bila futi kamba atapata wapi mita za mtaro na mita za mraba za lipu? Atazitoa kichwani, na wewe utazilipia.

Hatua ya nne: wote waandikie kazi ileile

Huwezi kulinganisha kotesheni ya kupaka dawa na kotesheni ya kuchimba mtaro. Kwa hiyo baada ya kuwasikiliza wote, kaa chini uandike mwenyewe, kwa mkono tu inatosha, kazi unayotaka: mtaro nyuma ya nyumba wa urefu fulani, gata upande fulani, kusafisha uvungu, kutandika nailoni, kupasua lipu iliyooza na kupiga mpya, matundu ya hewa. Wape wote karatasi hiyo hiyo waiwekee bei, kila kitu na mstari wake, vifaa mbali na ufundi mbali. Anayesema "bei yangu ni ya jumla tu, mama, usijali" hana nia mbaya lazima, lakini siku mtakapokosana kuhusu kilichomo na kisichomo hutakuwa na pa kushika.

Kuna mstari mmoja ambao milimani kwetu husahauliwa kila mara: kubeba. Gari la mchanga linaishia barabarani. Kutoka pale, kila ndoo ya mchanga, kila kokoto na kila mfuko wa saruji wa kilo 50 unapandishwa kwa kichwa au kwa bega kwenye zile ngazi za mawe. Kwetu ilikuwa 250,000 peke yake. Fundi wa kwanza hakuiandika kabisa, akaja kuidai siku ya tatu, mchanga ukiwa umemwagwa barabarani na watoto wa mtaa wameshaanza kuuchezea. Ukiona kotesheni ya nyumba ya mlimani haina mstari wa kubeba, uliza leo.

Hatua ya tano: isome kwa mpangilio wa maji

Chukua kalamu, uitazame kazi ilivyopangwa. Kwanza maji yaondolewe nje, yasifike kwenye nyumba. Kisha ardhi ya uvungu ifunikwe. Kisha kuta zitibiwe. Rangi na urembo mwisho. Kotesheni inayoanza na dawa ya kupaka ndani na haina mtaro wala gata imegeuzwa miguu juu kichwa chini. Dawa ikipakwa upande wa ndani, maji yanaisukuma kutoka nyuma yake, na lipu yoyote, hata iwe na dawa gani, ikisukumwa kutoka nyuma msimu mzima itaachia ukuta. Yetu iliachia kwa vipande vikubwa kama sahani, na nyuma ya kila kipande palikuwa na maji.

Sasa nenda kwenye mtaro, maana ndipo pesa ilipo na ndipo udanganyifu ulipo. Mtaro wa kukata maji ya mlima huchimbwa upande wa juu wa nyumba, kina chake kishuke chini ya usawa wa ardhi ya uvungu. Ndani yake kunalazwa bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakielekea chini, likizungukwa na kokoto safi, na vyote vikifungwa kwa kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe. Mteremko usiwe chini ya sentimita 1 kwa kila mita. Mtaro wa mita 15, kwa mfano, lazima mwisho wake uwe chini kuliko mwanzo kwa sentimita 15 au zaidi. Kotesheni nzuri inataja haya: urefu, kina, bomba, kokoto, kitambaa. Kotesheni mbovu inasema "kuchimba mtaro" na namba.

Halafu uliza maji yatatokea wapi. Mlimani kila nyumba ina nyumba chini yake. Ukikubali mtaro unaomwaga kwenye ukuta wa jirani wa chini, umemhamishia shida yako, na masika yakifika atakuja mlangoni kwako akiwa na haki yake. Mzee wetu aliandika kabisa: "Maji yatoke kwenye mfereji wa mtaa, mita 22." Zile mita za ziada za bomba hadi mferejini ndizo zilizofanya bei yake ionekane kubwa kwenye mstari huo, na ndizo nilizoshukuru kuliko zote.

Nailoni ya kufunika ardhi iandikwe unene wake. Omba gauge 1000, yaani robo ya milimita. Ile nyembamba ya kufunikia bidhaa sokoni itachanika siku ya kwanza mtu akipita juu yake kwa magoti. Vipande vipandane sentimita 30, viungo vibandikwe kwa tepu, na kingo zipande ukutani na kushikiliwa. Kabla ya kutandika, uvungu usafishwe: mawe yenye ncha, mizizi, na hasa mbao na mabanzi yaliyoachwa na wajenzi walipomwaga zege la sakafu. Mbao hizo zikilowa ni karamu ya mchwa, na mchwa wakishiba hapo wanapanda kwenye fremu za milango. Hakikisha neno "kusafisha" lina bei yake kwenye karatasi, la sivyo nailoni itatandikwa juu ya takataka.

Kiasi cha vifaa unaweza kukikagua mwenyewe kwa hesabu ya shule ya msingi. Mfuko mmoja wa saruji, kwa lipu ya moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne) yenye unene wa milimita 15, hufunika kama mita za mraba 8 hadi 9. Ukuta wa mita za mraba 40 unahitaji mifuko mitano, tuseme sita kwa kilichomwagika. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko 6 hadi 7 kwa mita moja ya ujazo. Kotesheni ya kampuni ilikuwa na mifuko 14 kwa lipu ya ukuta wetu wa mita za mraba 40. Nilipowauliza kwa upole hesabu imetoka wapi, walikwenda kuirekebisha. Wala sikusema wameiba, niliomba hesabu tu.

Na rangi? Iondoe kwenye kotesheni, au iwekwe awamu ya mbali. Ukuta uliolowa hukauka taratibu mno. Kadirio linalotumiwa na wajenzi ni kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na tofali la inchi 6 lina sentimita 15. Piga hesabu. Fundi anayeahidi kupaka rangi Ijumaa kwenye ukuta alioupiga lipu Jumatatu anakuuzia malengelenge.

Kuhusu kuziba kila kitu

Kotesheni ya kampuni ilipendekeza jambo ambalo nadhani mtalikuta zaidi siku hizi: kuziba uvungu wote kabisa, matundu yote ya hewa yafungwe, nailoni nene hadi juu ya kuta. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zina uvungu wa aina hii, kazi hiyo ni biashara kubwa na ina sababu zake. Hewa ya kiangazi chao ni ya joto na unyevu, ikiingia uvunguni penye baridi inageuka matone. Kwa hiyo wanaziba. Lakini wakishaziba huweka mashine ya kukausha hewa inayotumia umeme, au huingiza humo hewa iliyokaushwa ya nyumbani, na kabla ya yote hayo huwa wameshaondoa maji. Kuziba bila mtaro na bila mashine ni kufunika chungu kinachochemka. Mvuke utapita kwenye sakafu.

Kwa nyumba zetu, mimi naona ni bora kufunika ardhi vizuri na kuacha uvungu upumue. Kipimo cha hukohuko Marekani kwa uvungu wenye matundu ni sehemu 1 ya tundu kwa kila sehemu 150 za sakafu. Nyumba ya mita za mraba 90 inapata mita za mraba 0.6, ambazo ni matundu sita ya sentimita 25 kwa 40. Yawekwe pande zinazotazamana ili upepo wa ziwani uingie huku na kutokea kule, na kila tundu liwe na wavu wa chuma. Panya na nyoka wa Bugarika hawasubiri kukaribishwa.

Ikiwa nyumba yako iko ufukweni, mambo ni tofauti

Walio Luchelele, Igombe au popote penye tambarare karibu na maji, msilinganishe nyumba zenu na za mlimani. Kwenu maji yanaweza kuwa yanatoka chini, ziwa lenyewe likiwa limepanda udongoni. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda hadi likaingia kwenye makazi ya watu. Hakuna mtaro unaoweza kushusha ziwa. Chimba shimo la mita moja nje ya nyumba, ulitazame kwa wiki. Maji yakisimama humo bila mvua, na yakapanda na kushuka pamoja na ziwa, kotesheni yoyote ya kuziba uvungu ni pesa ya kutupa. Zungumza na mhandisi juu ya kuinua sakafu. Na kabla ya hapo pima umbali wako, kwa maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Hatua ya sita: sasa linganisha bei

Hapa ndipo bei inapoingia. Chukua kotesheni ya chini uiongezee kila kilichokosekana ndani yake. Ile yetu ya 850,000 haikuwa na mtaro, gata, nailoni wala kubeba, kwa hiyo haikuwa kazi moja na zile nyingine hata kidogo. Kisha toa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye zile zenye VAT. Kampuni iliyosajiliwa hutoza asilimia 18, hivyo ile 3,100,000 kabla ya kodi ilikuwa kama 2,627,000, karibu sana na ya mzee. Anayekutoza VAT akupe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Asiyesajiliwa kwa VAT hana ruhusa ya kukutoza kodi hiyo.

Kotesheni ya mzee ilikuwa hivi: vifaa 1,450,000, ufundi 700,000, kubeba 250,000. Tukaomba twende naye dukani kwa vifaa. Najua mafundi wengi hupata cha juu dukani, na sisemi kila mmoja, lakini ukilipa mwenyewe kaunta na kuondoka na risiti, mazungumzo hayo hayatakuwepo. Mzee hakununa. Alichagua bomba mwenyewe, akaligonga kwa kifundo cha kidole kusikia mlio, akalirudisha la kwanza na kuchukua lingine.

Ukitaka punguzo, punguza kazi, usipunguze ubora. Acha rangi, acha gata la upande usio na shida, chimba kwa vijana wa nyumbani. Fundi aliyebanwa bei mpaka akakubali bila furaha atajilipa kwenye saruji.

Hatua ya saba: hakiki mtu

Kampuni ikija, omba namba yake ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997, uihakiki kwenye bodi yenyewe, si kwa nakala uliyoonyeshwa kwenye simu. Makandarasi wa majengo wako daraja la 1 hadi la 7, na kazi kama yako haihitaji wa daraja la juu. Fundi wa mtaani mpime kwa kazi zake. Cheti cha VETA ni kizuri akiwa nacho, lakini mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoifanyia kazi kabla ya masika yaliyopita. Ya mwezi uliopita haijapimwa na chochote. Ukifika, salimia, omba ruhusa, na muulize mama mwenye nyumba akiwa peke yake, fundi akiwa nje.

Hatua ya nane: mkataba na malipo

Karatasi mbili tu zinatosha, kotesheni ikiwa imebanwa nyuma, sahihi zenu, mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa ukiweza kuupata. Iwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na nani anarudi kurekebisha maji yakirejea ndani ya mwaka.

Usitoe zaidi ya asilimia 30 mwanzoni, na kama vifaa umenunua mwenyewe, toa pungufu. Sisi tuligawa hivi: sehemu ya kuanzia, sehemu mtaro ukiwa umelazwa bomba na bado haujafukiwa, sehemu nailoni na lipu vikiisha, na shilingi 240,000, yaani asilimia 10, zikabaki hadi mvua za vuli. Mzee alikubali hilo la mwisho bila kubishana. Tulipowauliza kampuni kuhusu kubakiza, walisema utaratibu wao hauruhusu, na kwangu hiyo ilikuwa taarifa ya kutosha. Lipa kwa simu, ujumbe ubaki, na uandike kwenye maelezo ni awamu ipi.

Hatua ya tisa: kagua kabla hakijafukiwa

Kila kitu muhimu katika kazi hii kinakwenda kufunikwa na udongo. Siku ya kufukia mtaro uwe nyumbani. Piga picha bomba likiwa wazi, na futi kamba imelazwa pembeni yake. Mwaga ndoo kumi upande wa juu, mtu mwingine asimame kwenye mdomo wa kutokea. Sisi tulihesabu maji yakichungulia baada ya chini ya dakika moja, yakiwa ya tope, kisha yakisafika. Maji yakituama mahali, bomba limekaa vibaya na lazima linyanyuliwe leo, kesho litakuwa chini ya kokoto. Uvunguni ingia mwenyewe na tochi, vuta kila kiungo cha nailoni kwa vidole.

Ile 240,000 tuliitoa wiki ya pili ya Desemba, baada ya mvua nne kubwa, mzee akiwa ameingia tena uvunguni na mimi nyuma yake. Tangu hapo kila Septemba tunafungua kisanduku cha mwanzo wa mtaro, kile cha kunasa majani, tunachota tope lake kwa kopo. Huwa linajaa ndoo moja na nusu, na lisipotolewa kabla ya vuli, kitambaa cha kuchuja kitaziba na maji yatatafuta njia yake ya zamani.